Usukani Ukiinuliwa, Spana Ipite Wapi?

Kwa muda wa miaka miwili sasa karatasi za matengenezo ya pikipiki za ofisi yetu ya kilimo zimekuwa zikipita mezani kwangu, maana kazi ya kuziandika na kuzitunza ni yangu. Kuna jambo moja linalorudi mara kwa mara katika karatasi hizo, hata nimeona afadhali niliandike hapa ili wakulima wenye pikipiki zao walisome. Ni habari ya usukani ulioinuliwa. Yafaa niseme mapema kwamba mimi si fundi. Lakini karani huona kitu ambacho fundi haoni, nacho ni hesabu ya mwaka mzima, na hesabu hiyo yanionyesha kwamba kipande kidogo cha chuma cha kuinulia usukani chaweza kuifanya pikipiki nzuri isitengenezeke.

Vipande ninavyovisema vyauzwa madukani, na vingine hutengenezwa na mafundi wa jua kali. Huwekwa katikati ya usukani na kile chuma cha juu kinachoshika shokabu mbili za mbele. Usukani hupanda kwa milimita 20 au 30, na wengine hupenda hata 50. Sina ugomvi na jambo hilo lenyewe. Mwaka 2008 Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki za chini ya cc 250, pikipiki iliingia mashambani na ikawa punda wa mkulima. Hubeba mitungi ya maziwa, majani ya ng'ombe, mbolea, miche, na watoto wa shule juu yake. Njia zetu twazijua. Mvua za Machi hadi Mei zikipita, mpanda pikipiki hawezi kuketi. Yambidi asimame juu ya vikanyagio ili mashimo yasimvunje mgongo, na akisimama, usukani humwia chini mno, hasa akiwa mtu mrefu. Mtu wa namna hiyo akitaka kuinua usukani wake ana haki. Ninalouliza ni hili tu: akisha kuuinua, spana itapita wapi?

Hebu tutazame kilicho chini ya usukani. Katikati kabisa, kati ya shokabu mbili, kuna nati kubwa. Nati hiyo ndiyo kifuniko cha shingo ya pikipiki. Ndani ya shingo, katika pikipiki zetu nyingi ndogo, mna gololi zilizopangwa katika bakuli za chuma, seti moja juu na nyingine chini. Mafundi huziita konseti. Chini ya kile chuma cha juu kuna nati nyingine ya duara yenye mapengo ubavuni, nayo huzungushwa kwa spana ya ndoano. Hiyo ya pili ndiyo inayopima ukali wa gololi. Ikikazwa mno usukani huwa mzito. Ikilegea, gololi hugonga bakuli kila breki inapokamatwa na kila shimo linapopigwa, na hatimaye huchimba vishimo vidogo ndani ya bakuli. Vishimo vikisha kutokea, kukaza hakufai kitu tena. Usukani hutaka kunasa katikati, kama komeo linaloingia mahali pake, na pikipiki hukataa kufuata mkono wa mwenyewe.

Sasa, ile nati ya duara haiwezi kurekebishwa vizuri mpaka nati kubwa ya juu ilegezwe kwanza, pamoja na bolti zinazobana shokabu. Kwa hiyo nati kubwa ndiyo mlango. Ukiuziba mlango, kazi yote ya ndani imefungwa.

Pikipiki moja ya ofisini kwetu hutumiwa na mtumishi wa kupandikiza mbegu za ng'ombe. Ni mtu mrefu sana, na nyuma yake hubeba mtungi wa naitrojeni ya majimaji inayotunza mbegu, ambayo baridi yake ni digrii 196 chini ya sifuri. Kwa kuwa alikuwa akilalamika mgongo, alikwenda kwa mchomeleaji mmoja akatengenezewa kipande cha kuinulia usukani. Kilikuwa kizuri, nasema kweli. Kilikuwa cha bamba nene, kimepakwa rangi nyeusi, nacho kilitoka upande wa kuume hadi upande wa kushoto bila kukatika, kikaifunika ile nati kubwa kama kifuniko cha sufuria. Sote tulikisifu. Mimi mwenyewe niliiandika karatasi ya malipo na kuipeleka kutiwa sahihi, wala sikuuliza swali.

Baada ya miezi michache mbele ya pikipiki ilianza kugonga wakati wa kukamata breki. Ikapelekwa kwa fundi, nami nikaenda nayo kwa sababu ya hati. Fundi aliinama, akatazama, akajaribu soketi moja na nyingine, kisha akasimama akifuta mikono.

"Bwana Karani," akasema, "hapa spana haiingii."

"Basi si ukitoe hicho chuma, Fundi?"

"Kukitoa ni nusu ya siku. Bolti zake zimefungwa kutoka chini. Nitoe taa ya mbele, nifungue waya zote, ndipo nizifikie. Pikipiki mwaitaka lini?"

Tuliitaka mchana ule ule. Basi fundi akachukua tindo na nyundo, akaigonga ile nati ya duara kutoka ubavuni bila ya kulegeza ya juu. Ikasogea kidogo, na kugonga kukapungua. Tulimshukuru, tukalipa, tukaenda zetu. Majuma sita baadaye kugonga kulirudi, naye akafanya vile vile. Mara ya tatu nati yenyewe ilikuwa imechakaa meno, na ndani ya shingo bakuli zilikuwa zimeharibika, ingawa hakuna aliyeziona kwa kuwa hakuna aliyefungua.

Wakulima wa ng'ombe wa maziwa wajua maana ya saa. Ng'ombe anapotaka dume, hali hiyo hudumu kwa kadiri ya saa 12 hadi 18 tu. Akionekana asubuhi, hupandikizwa jioni. Akionekana jioni, hupandikizwa kesho yake asubuhi. Ikikosa kufanywa, mtu hungoja siku 21 au karibu na hizo mpaka hali irudi. Siku moja mama mmoja mkulima alipiga simu asubuhi, akaahidiwa kwamba mtumishi atafika jioni. Alipokuwa akiteremka kwenda kijitoni, usukani ulinasa katikati kwenye kona, na pikipiki ikaingia mtaroni. Namshukuru Mungu aliumia bega na goti tu, na mtungi haukumwagika. Lakini jioni ilipita, na siku ya pili hatukuwa na pikipiki nyingine.

Yule mama alikuja ofisini baada ya siku mbili. Hakupiga kelele. Aliketi katika benchi, akauliza hali ya mgonjwa kwanza, kisha akanihesabia kwa vidole: siku 21 za kungoja ni siku 21 za kuchelewa kuzaa, na siku hizo ng'ombe atakula majani na chumvi kama kawaida bila ya kutoa maziwa. "Mwanangu," akasema, "siku hizo nani atanilipa?" Sikuwa na la kumjibu. Nilifungua faili la pikipiki ile, nikaona sahihi zote ziko mahali pake, na hapakuwa na kosa la maandishi hata moja.

Nimesimulia kisa hicho si kwa kumlaumu mtumishi yule wala fundi. Fundi alifanya alichoweza kwa saa tuliyompa. Lawama naiweka juu yetu sisi tulioruhusu chuma kifungwe bila kufikiri kwamba siku moja itabidi kifunguliwe.

Wako watakaosema, "Karani huyu atutisha bure, kipande chochote ni bolti nne tu, zifungue utoe usukani uendelee na kazi." Nilisema hivyo mimi pia. Pikipiki ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, neno hilo ni kweli: fundi hufungua bolti nne za vibanio, huulaza usukani juu ya tangi akiwa ametandika kitambaa, na njia ya kufikia nati kubwa huwa wazi. Lakini kiwanda kilikata waya za klachi, za breki na za mafuta kwa urefu wa usukani wa kawaida. Ukiinua usukani milimita 50 waya hizo hukazika kama nyuzi za zeze. Hapo hata ukifungua bolti nne, usukani haulali popote, waya zimeukamata. Fundi lazima azifungue waya moja moja, na kuzifungua nako kuna taabu yake, kwa maana ili kichwa cha waya kitoke katika mkono wa klachi, waya unatakiwa kuwa na ulegevu, na ulegevu ndio uliokwisha.

Hapo ndipo penye hasara nyingine isiyoonekana. Waya wa klachi hutiwa mafuta kwa kutolewa kichwa chake pale juu, mafuta yakadondoshwa yateremke ndani ya mfuko wake. Usipotoka, hautiwi mafuta. Usipotiwa mafuta hushika kutu, huwa mgumu, kisha nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine, na aghalabu hukatika mwenyewe akiwa mbali na kijiji chochote. Tena kuna ile skrubu ya kurekebisha. Mtu aliyeinua usukani huizungusha skrubu mpaka mwisho ili apate ulegevu kidogo, akafurahi kwamba imetosha. Sahani za klachi zinapoendelea kulika, ule ulegevu hupungua, na hapo ndipo ingefaa kuizungusha tena. Lakini imekwisha kufika mwisho. Klachi huanza kuteleza na kuungua, na mwenyewe husema kwamba pikipiki za siku hizi hazidumu. Katika faili langu nimeona klachi mbili zilizokufa kwa njia hiyo, na kila moja ilinunuliwa kwa fedha ambazo zingetosha kununua waya mrefu mara nyingi.

Jaribio la kuzijua waya fupi ni jepesi, na ningeomba kila mwenye usukani ulioinuliwa alifanye leo kabla ya jua kutua. Weka gia huru, washa injini, iache ingurume polepole, kisha zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia. Injini ikipandisha sauti yenyewe, waya wa mafuta wavutwa. Nawe siku utakapogeuza pikipiki penye njia nyembamba itaruka bila ya kuambiwa. Zungusha tena huku ukiubonyeza mkono wa klachi uone kama ule ulegevu wake bado upo pande zote mbili. Kisha inua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono, usukani ukiwa umegeuzwa; likizuiliwa, basi waya wa breki nao ni mfupi. Wenye breki ya mafuta watazame mpira wake usinyooke kabisa, maana huo haukubali kuvutwa hata kidogo, na ukibadilishwa kuwa mrefu lazima hewa itolewe ndani yake ndipo breki ishike.

Na shingo ipimwe pia. Gurudumu la mbele likiwa juu, shika shokabu zote mbili kwa chini, uvute mbele na kusukuma nyuma. Ukisikia kitu kikigonga mkononi, gololi zimelegea. Zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, bakuli zimekwisha. Sisi twapima kila mara mafuta ya injini yanapobadilishwa, na mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi, shingo hufunguliwa ikatiwa grisi mpya. (Hapa sina budi kutaja desturi ya kuosha pikipiki mtoni kwa kuitumbukiza mpaka tangini. Maji hayo huondoa grisi shingoni kuliko mvua ya mwezi mzima. Nimekwisha kulisema kwa vijana wetu nao hucheka.)

Basi, anayetaka kuinua usukani afanye nini? Shauri langu la kwanza ni ajaribu kabla ya kununua chochote. Legeza bolti za vibanio, uzungushe usukani kidogo uje juu na nyuma, ukaze, uupande kwa juma moja. Wengi hutosheka hapo. Asiyetosheka na atafute usukani mwingine uliopindwa juu zaidi. Pikipiki zetu nyingi ndogo hutumia bomba la milimita 22, kwa hiyo si kazi kuupata unaolingana, na vibanio vitabaki vile vile na nati kubwa itafikika kama zamani. Waya bado zitakuwa fupi, hilo halikwepeki, nazo zibadilishwe siku ile ile, si mwezi ujao.

Akiona kwamba vipande vya chuma ndivyo anavyovitaka, na avitake viwili mbalimbali, kimoja kila upande, katikati pawe wazi. Bamba moja la kuziba katikati silikubali, hata liwe zuri namna gani, isipokuwa limetobolewa tundu kubwa linalopitisha soketi ya nati ile kwa wasaa. Nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, na kwa desturi ya darasani napenda kitu kionekane kwanza kwa karatasi. Mchomeleaji akisha kuchukua vipimo, mwambie akate mfano wake kwa karatasi ngumu ya boksi, auweke mahali pake, kisha mkononi mwako ushike soketi na kuipeleka kwenye nati. Isipofika, chuma kisikatwe. Hata fundi mwenye haraka hatakataa kazi ya dakika tano. Mwangalie pia bolti zitafunguliwa kutoka wapi: zile zinazofunguliwa kutoka juu ni bora kuliko zile zinazofichwa nyuma ya taa. Wala asikutilie bolti za kuokota. Usukani ulioinuka huzivuta bolti zake kwa nguvu zaidi, kama mpini mrefu wa jembe unavyozidisha nguvu. Taka zile zilizopigwa chapa 8.8 kichwani, na baada ya siku chache za kwanza uzikaze tena.

Neno langu la mwisho ni kwa ofisi na vyama vinavyogawa pikipiki kwa watumishi wao wa mashambani. Twajaza karatasi nyingi kabla ya kubadilisha gurudumu, lakini mtu akibadilisha usukani, jambo ambalo maisha yake yamelishika kwa mikono miwili, hatuulizi ila bei. Naona ingefaa karatasi ya ruhusa iwe na mstari mmoja zaidi, ambao fundi ataujaza kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya malipo, kwamba amelegeza nati kubwa na kuikaza tena huku kipande kikiwa kimefungwa. Asiseme tu kwamba yawezekana, awe amefanya. Ofisini kwetu tumekwisha kuuongeza mstari huo kwa mkono chini ya fomu ya zamani. Mtumishi yule mrefu alirudi kazini na sasa ana vipande viwili vya milimita 30 pamoja na waya mpya, naye asema mgongo haumwumi. Mwezi uliopita fundi aliipima shingo ya pikipiki ile na kuirekebisha kwa muda usiozidi nusu saa, mimi nikimshikia taa.

Lile bamba jeusi bado tunalo stoo, na nimeuchora mfano wa vile vipande viwili na vipimo vyake katika daftari. Mkulima yeyote atakayefika na karatasi yake nitamwachia anakili.